Siku Koko Alipopanda Kilima Kinyumenyume

Mwezi wa tatu nilirudi Bunia, mji nilikokulia, na mvua ya kwanza ikanikuta juu ya pikipiki, katikati ya barabara, bila mwavuli. Dereva akaegesha mbele ya kibanda cha muuza mafuta ya taa, tukajibana pale na wapita njia wengine, na ndipo ile harufu ikanifikia. Unaijua, ndugu yangu: vumbi lililolowa, na nyuma yake majivu ya majani yaliyochomwa kiangazi. Nikageuza shingo upande wa kilima kinachoutazama mji. Mtu mzima mimi, mkoba wa kazi begani, viatu vya ngozi miguuni, tumbo likaanza kunguruma. Njaa ya vita haina adabu. Hata uwe umeshiba inakuja kukusalimia.

Wakati ule wa vita tulikaa chini kabisa ya kilima, parsele ndogo, yaani kiwanja, nyumba ya udongo yenye mabati ya matundu. Baba alikuwa ameenda machimbo ya dhahabu kabla bariere, vile vizuizi vya wenye bunduki, hazijafunga barabara, na hatukuwa na habari yake. Tulibaki mama, siye watoto, na koko, mama mzazi wa baba, aliyetufikia kwa miguu kutoka upande wa Djugu nyumba yake ilipochomwa. Watu walikimbia na magodoro, na mbuzi. Mmoja nilimwona kwa macho yangu amekimbia na mlango. Koko alikimbia na kibuyu. Kilizibwa kwa jani la mgomba, na ndani mlikuwa na maharagi ya mbegu, mekundu yenye madoa meupe, yamechanganywa na majivu ili wadudu wasiyaguse.

Sasa sikiliza desturi ya kwao. Kiangazi majani ya mlimani yanachomwa. Mvua ya kwanza ikigusa tu ule weusi, maua yanatoka, mengine hata kabla ya majani yake. Hapo wanawake wanapanda mpaka mgongo wa mlima kuyachuma, na siku hiyo hakuna anayeshika jembe. Anayetangulia kufika juu anaita, na wanawake waliobaki chini wanamjibu kwa vigelegele. Wakijibu, mwaka umefunguliwa, mbegu ziingie udongoni. Wasipojibu, hakuna anayepanda hata punje. Usiniulize kwa nini. Mimi nilimwuliza koko, akanijibu, "Na weye, unavaaka kiatu ku kichwa?"

Mama alikuwa na mawazo mengine, na mawazo yake yalikuwa sufuria. Jana lenga-lenga, mchicha ule wa porini, leo lenga-lenga, kesho sombe ya majani ya muhogo bila mafuta wala chumvi, na fufu nyepesi, ugali wa muhogo wa kudanganya watoto. Na kila usiku tulilala chini ya kibuyu kilichojaa maharagi! Mdogo wangu alikuwa ameanza kuvimba miguu. Mama alimheshimu mkwewe, hakuwahi kumpandishia sauti, lakini siku moja alipiga magoti mbele yake akasema, "Mama, batoto beko na njaa. Tupike."

"Tukipika hii, mwaka kesho tutapika nini?"

"Mwaka kesho ni ya Mungu. Mimi niko na leo."

Mwishowe wakapatana: siku ya posho, yaani Jumamosi, kama wanawake hawajapanda kilima, mama aweke maji kwenye moto na koko mwenyewe atazibua kibuyu. Mapatano ya ajabu, maana mvua haikuwa imenyesha bado, kilimani walikuwa wamekaa watu wenye bunduki, na goti la koko lilikuwa limevimba tangu siku ya kukimbia. Hata chooni alienda akinishika bega. Mama alijua hayo yote. Nadhani ndiyo maana alikubali haraka.

Mvua ikaanguka Alhamisi alasiri. Ijumaa, jua halijatoka, koko alikuwa amekwisha jifunga kikwembe chake cha misa, kile kitenge cha kanisani.

Kwenye ua wetu wa matete palikuwa na tundu, na ng'ambo ya tundu aliishi mama jirani. Yeye alikuwa wa kabila la upande ule mwingine. Silitaji lake, wala letu silitaji. Wakati ule kulitaja kulitosha kumtoa mtu roho. Tuliazimana makaa kupitia lile tundu ili macho ya watu yasione. Asubuhi hiyo kichwa chake kikatokea hapo. "Koko, mimi pia ninaenda. Hata kwetu tulikuwa tunachuma." Mama akashika mdomo. "Batakuua, dada!" Jirani akasema wenye bunduki wakimwuliza atajiita mukamwana wa koko, yaani mke wa mwanawe. Koko akamkagua toka kichwani mpaka vidoleni, akasonya. "Mukamwana yangu hawezi kuvaa kikwembe mubaya namna hii," akamrushia kimoja chake.

Basi tukaondoka: koko, mama jirani na mimi, na viazi vitamu vya kuchemsha ndani ya kikapu. Mama alibaki na wadogo zangu. Hakutuaga. Alikuwa anafagia mahali palipokwisha fagiwa.

Kwenye bariere, chini ya njia ya kupandia, mwanamume mwenye kofia ya sufu alitusimamisha kwa mdomo wa bunduki. "Munaenda wapi?"

"Kuchuma maua," koko akasema.

"Sema kweli, muzee."

"Kweli ni hiyo. Maua. Ile nyekundu, na ile ya rangi ya chungwa, na kama Mungu anapenda, nyeupe."

Yule mtu alimtazama, akatutazama siye, akalitazama lile goti, halafu akaangua kicheko mpaka akaegemea bunduki yake. Akawaita wenzake. "Mukuje muone! Vita iko nawaka, na huyu muzee iko naenda kuchuma maua!" Wote wakacheka. Mama jirani alijifunika zaidi kile kikwembe cha kuazima, na mimi mkojo ulikuwa karibu kunitoka. Hakuna aliyemwuliza kabila. Nani anamwuliza mwendawazimu kabila? Wakachukua viazi vyetu vyote, kofia ya sufu akasema, "Wacha bawazimu bapite." Tulipokata kona koko akaninong'oneza, "Unaona? Leo wazimu ndiyo karatasi yetu ya njia."

Ee ndugu yangu, kile kilima! Chini kilikuwa cheusi kama sakafu ya jiko, na vijani vipya vya kijani vinachungulia. Halafu ukipanda kidogo, maua. Yale mekundu ya mviringo, makubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, yamesimama juu ya shina tupu bila jani hata moja. Ya rangi ya chungwa yaliyopangana juu ya ubua. Madogo ya njano yaliyolala chini kabisa, ukikanyaga unaona aibu. Nyuki walikuwa wanavuma, hewa ilikuwa baridi na safi, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi sikunusa moshi wa nyumba. Nilikimbia! Nilikimbia kwenda mbele na kurudi nyuma kama mbwa aliyefunguliwa kamba, mikono imejaa, masizi mpaka magotini, ninapiga kelele, mpaka mama jirani naye akasahau woga akaanza kunifukuza.

Lakini sheria ilikuwa ya koko. Maua bila kufika juu ni majani tu. Na mahali kilima kinaposimama wima kuelekea mgongoni, goti likakataa. Akajaribu, likajikunja. Akajaribu tena, akaanguka kifudifudi kwenye masizi. Mama jirani akainama, "Panda mugongo yangu, koko." Koko akakasirika kweli. "Nikibebwa, weye ndiyo umepanda, mimi nimepelekwa!" Akakaa chini pale pale, akavuta pumzi, na mimi nikaona machozi yake, nikajua maharagi yamekwisha kuiva.

Halafu akageuka. Akakaa akiangalia bonde, akakanyaga kwa mguu mzima, akajisukuma kwa mikono, makalio yakapanda shubiri moja. Akajisukuma tena. Koko wangu, mwanamke wa heshima, kikwembe cha misa kinasugua masizi, anapanda mlima kinyumenyume kwa makalio! Kwanza tulizuia vicheko. Yeye ndiye aliyeanza kucheka, basi tukacheka wote watatu mpaka tukashindwa kusimama. Mimi nilimwondolea mawe njiani, mama jirani alimwekea mguu kuwa kizuizi asiteleze. Jua lilikuwa limesimama utosini mgongo wa koko ulipogusa anga, maana nyuma yake hapakuwa na mlima tena.

Tulikuwa juu. Upande mmoja Bunia yote, mabati yanang'aa, ndege nyeupe ya kofia za bluu, askari wa kulinda amani, inashuka uwanjani, kambi ya waliokimbia yenye mahema ya plastiki, na karibu kabisa paa letu. Upande mwingine vilima vya Djugu, kimoja nyuma ya kingine, na katika kimojawapo kulikuwa nyumba ya koko. Alivitazama. Hakulia hapo. Akanishika bega, akasimama kwa miguu yake miwili, akajifuta masizi, akaita.

Sauti ile sikujua anayo. Ndefu, nyembamba, inapanda kisha inavunjika. Ikashuka juu ya mji uliozoea kusikia kutoka kilimani risasi peke yake. Chini pakanyamaza kabisa. Watu waliokuwa barabarani niliwaona wakisimama. Koko akaita tena. Kimya. Mkono wake begani kwangu ulikuwa unaniumiza. Akaita mara nyingine, sauti imekauka, na mama jirani akafunga macho.

Kikajibu kigelegele kimoja. Kilitoka karibu, kilitoka kwetu. Kwenye ua wetu niliona kitu kidogo cha bluu, kitambaa cha mama, kimesimama katikati ya parsele, kinajibu. Mama! Halafu kambini mwingine akajibu, na mwingine, wanawake wa vilima vile vile waliojua wameitwa kwa jambo gani, na ng'ambo ya barabara, upande wa kabila la mama jirani, wakaitikia pia, mpaka chini yetu kote kukawa vigelegele tupu. Mama jirani aliruka, akaitikia kuwaelekea watu wake bila kujificha. Nami niliitikia. Tulishinda, ndugu yangu. Sikujua tumemshinda nani, lakini nilijua tumeshinda.

Kesho yake, maua yakiwa yamechomekwa mlangoni na kwenye tundu la ua, koko na mama walipanda maharagi kando kwa kando hadi giza. Tulikula lenga-lenga majuma mengi bado, na mdogo wangu alipona polepole kwa maziwa ya kituo cha afya. Mavuno yalipokuja, wanawake wa kambini walikuja kuomba mbegu, na koko aligawa kwa viganja.

Leo nyumba zimepanda kilima mpaka juu, na pale koko alipoita pamesimama mlingoti wa simu. Hakuna majani ya kuchoma. Mbegu zinanunuliwa dukani. Wanawake waliorudi vilimani kwao wengi wamekimbia tena, na binti zao hawajui kwamba mlima unaitiwa. Koko tulimzika hapa hapa Bunia.

Mvua ilipokatika nilimwambia dereva anipeleke kwa mama. Amezeeka sasa, anakaa jikoni akiota moto. Nikamwuliza jambo ambalo sikuwahi kumwuliza: siku ile, na watoto wake wana njaa, kwa nini alijibu wa kwanza? Alikaa akichokoa makaa.

"Mimi nilijua hamutafika," akasema. "Nilisema, kesho ao leo ni sawasawa. Maji ilikuwa inachemuka, kibuyu nimekwisha kuzibua, maharagi iko mu mukono. Nikamusikia anaita, sikujibu. Akaita tena, sikujibu. Kwa mara ya tatu nikasikia sauti yake inakauka." Akaweka kijiti chini. "Nikamwanga ile maji chini."