Bipu Tatu za Al Wukair

Aibu hii ni yangu, na wewe Neema, mjukuu wangu, iandike kama ninavyoitamka, bila kunipunguzia.

Uliniambia kwamba Mwingereza alilipata neno bipu kwa kusikiliza tu: honi ya gari ililia bip, akaiita bip, baadaye mashine zikaitikia jina hilo hilo, kisha simu, na sisi Wakenya tukalifanya kuwa kumpigia mtu na kukata kabla hajapokea, ili gharama iwe yake. Nikakujibu kwamba hilo si ajabu, kwani nani alikwenda shule ndipo akaita tingatinga tingatinga? Nikaweka na sheria ya nyumba (mimi, si mwingine): bipu moja, nipigie, bipu tatu, mtu anakata roho.

Siku mama yako, muuguzi hapa Al Wukair, Qatar, alipoitwa hospitalini kwake kwa usaili wa kupandishwa cheo, usaili alioungoja miaka mitatu, nilitoka kutupa taka nikiwa na mwiko mkononi na simu kwenye pindo la leso, mlango ukajifunga nyuma yangu, na kufuli ile ya namba, kila nilipoibonyeza, ililia bip na kukataa. Maharagwe yalikuwa motoni. Majirani walikuwepo, lakini nibishe hodi kwa watu na leso kiunoni? Nikambipu mama yako mara moja. Hakunipigia. Harufu ya kuungua iliponifikia nikabipu mara tatu, na alipojaribu kunipigia, betri yangu ilikuwa imekwisha.

Akaja mbio, nyuma yake wahudumu wa ambulensi na msimamizi wake, Mkenya mwenzetu, aliyekatiza usaili akamleta kwa gari lake mwenyewe. Kabla sijajieleza nikalazwa kwenye machela, mbele ya majirani wale wale niliowaonea haya, nikabandikwa nyaya kifuani, mashine ikaanza: bip, bip, bip.

“Na hii inambipu nani?” nikauliza.

“Mama, tulia upimwe,” mama yako akasema.

“Siumwi. Fungua mlango, maharagwe yanaungua.”

Mama yako akafunika uso kwa mikono miwili, nami nikajua nimemharibia cheo. Msimamizi akakohoa.

“Sister, lilibaki swali moja. Mgonjwa mkaidi, asiyekubali kamwe kwamba amekosea, unamhudumiaje?”

“Huyo nimeishi naye miaka arobaini,” akajibu. “Unamfungulia mlango, unazima jiko, kisha unanyamaza mpaka aseme mwenyewe.”

Wote wakanigeukia, pamoja na wahudumu wasiojua Kiswahili. Nikasema, “Nimekosea,” neno ambalo binti yangu hakuwa amewahi kulisikia kinywani mwangu.

Cheo alikipata. Nami nimeapa: nikipatwa na shida nitabisha hodi kwa jirani hata kwa leso, na nikipiga simu nitangoja ipokelewe, nieleze haja yangu kwa maneno, kama mtu aliyepewa ulimi.