Topido Ndani ya Shangazi Kaja

Aibu hii nimewaficha watu wa nyumbani Kigoma kwa miaka, na ningeendelea kuwaficha kama Mama Upendo asingeisimulia harusini mbele ya meza nzima, tena akaisimulia vibaya, akasema nilikuwa nalia. Sikulia. Kwa hiyo naiandika mwenyewe, kwa mpangilio, ili angalau kila kosa lililomo liwe la kwangu kweli.

Ilikuwa Guangzhou, mwaka uliofuata Olimpiki ya Beijing, wakati msako wa pasipoti ulikuwa umepamba moto. Polisi walisimama kwenye milango ya masoko ya jumla kule Liuhua, karibu na stesheni ya treni, na Mwafrika yeyote alitakiwa kuonyesha pasipoti, ile yenyewe, siyo kopi. Wapo wenzetu waliochukuliwa wakiwa na viatu mkononi hawajamaliza kupatana bei. Mimi makaratasi yangu yalikuwa safi (hilo nataka lieleweke mapema, kwa sababu mbele huko sitaonekana kama mtu mwenye makaratasi safi). Viza ilikuwa imebakiza siku tatu, na ndege yangu ilikuwa kesho kutwa. Hapo hapakuwa na nafasi ya kukosea. Mtu aliyepoteza pasipoti alitakiwa kwenda ubalozini Beijing, na kabla hajapata nyingine viza inakwisha, anahesabiwa amezidisha siku, anaweza kupigwa mhuri wa kutorudi tena. Na mimi kurudi Guangzhou ndiyo ilikuwa kazi yangu, ndiyo ada ya chuo ya mwanangu Tumaini na ya shule ya wadogo zake.

Sasa niseme kuhusu boti. Mimi ni mtu wa darasa la saba. Mengine nimejifunza mwenyewe kwa vitabu vya mitumba na kamusi. Kwetu Kigoma kuna habari ya boti za Waingereza zilizoletwa ziwani kwa nchi kavu wakati wa vita ya kwanza, kwa treni na kwa ng'ombe, na kwa sababu ya habari hiyo nimekuwa nikikusanya habari za kila chombo kidogo kilichowahi kupigana ziwani, popote duniani. Haji, kijana wa Kizanzibari aliyekuwa akisoma chuo kikuu pale kwa ufadhili, alikuwa ameniazima kitabu chenye sura nzima juu ya boti nne za topido za Waitaliano (topido ni bomu refu lenye injini yake, linapita chini ya maji). Katika vita ya pili boti hizo zilitolewa baharini, zikapandishwa malori, zikavushwa milima, zikapakiwa melini, zikashushwa, hadi zikafika ziwa Ladoga, kaskazini kabisa, zikatumika msimu mmoja tu wa joto kabla maji hayajaganda. Nilikuwa nimeisoma sura hiyo mara tatu na kuandika kanuni mbili daftarini: mchana jifiche ukiwa umefunikwa, ukikaribia hatari, zima injini kubwa usisikike.

Haji alitaka kitabu chake jioni ile. Kwa hiyo asubuhi nilipokwenda kwa mama mmoja wa Kichina mwenye mashine ya kutolea kopi, karibu na mlango wa soko la viatu, nilikuwa na kazi mbili: kutoa kopi tatu za pasipoti, kama kawaida yangu kabla ya kila safari, na kutoa kopi za ile sura. Utaratibu ulitaka nianze na pasipoti. Nikaamua nianze na boti. Huo ndio uamuzi wote. Mengine yamezaliwa hapo. Nilitoa kurasa za boti moja moja nikizikagua kwenye mwanga, nimefurahi kama mtoto, mwisho nikaweka pasipoti kwenye kioo, nikafunika, kopi tatu zikatoka, nikazikusanya, nikachukua kitabu, nikalipa, nikaaga vizuri, nikaondoka. (Wewe umeshaona nilichokiacha. Mimi ilinichukua saa mbili.)

Nilikuwa ghorofa ya pili, kwa muuzaji wangu wa raba za shule, mwanamke mmoja mcheshi tuliyemwita Laoban, yaani bosi, ingawa duka lilikuwa na upana wa kitanda. Simu ikalia. Mama Upendo, mfanyabiashara mwenzangu wa Mbeya, alikuwa chini, na alikuwa ananong'ona.

"Baba Tumaini, uko wapi? Kuna polisi anapita duka kwa duka anakuulizia."

Nikamwambia ananifananisha na mtu.

"Hakufananishi. Ana picha yako. Na ana karatasi ya manowari. Baba wa watu, umefanya nini wewe?"

Nikamwambia atulie, makaratasi yangu ni safi, namwonyesha pasipoti na mambo yanaisha. Nikafungua pochi ninayoivaa shingoni. Kopi tatu zilikuwemo, zimekunjwa vizuri. Pasipoti haikuwemo.

Naomba mnihurumie hapa. Nilikuwa na mambo matatu mbele yangu: pasipoti yangu haipo, polisi ana picha yangu, polisi ana karatasi ya manowari. Mtoto wa darasa la tatu angeyajumlisha. Mimi, niliyekuwa nimekesha na penseli nikikokotoa topido irushwe kwa pembe gani ili ikutane na meli inayotembea, sikuweza kujumlisha. Nilichokiona ni kwamba wameniibia pasipoti, kisha wamenisingizia upelelezi, na nikazikumbuka kanuni zangu mbili.

Laoban hakuelewa Kiswahili, lakini kwa msako ule uso wa mtu anayetafutwa aliufahamu. Mwishoni mwa duka palikuwa na mifuko yangu minne, ile mikubwa ya miraba tunayoiita shangazi kaja, imejazwa raba, inasubiri kupelekwa kwa watu wa kago mtaa wa nyuma. Mmoja ulikuwa nusu tu. Nikaingia. Laoban akanimwagia raba hadi kichwani, akavuta zipu akaacha nafasi ya pua, akamwita mchukuzi wa mkokoteni, mzee mwembamba wa miguu mikavu, akamwambia maneno ambayo sijui hadi leo, ila mzee yule alininyanyua na mwenzake bila kuuliza kwa nini mfuko mmoja ni mzito kuliko mingine yote.

Nataka niwe mkweli juu ya hali yangu humo ndani. Kulikuwa na joto na harufu kali ya gundi, na soli ilikuwa imenikaa sikioni, lakini kuna sehemu ya moyo wangu iliyokuwa imeridhika. Nimefunikwa. Nasafirishwa kwa nchi kavu, kama boti. Injini zote nimezima.

Simu sikuizima.

Tulikuwa tunashuka njia ya mizigo, ile yenye mteremko, simu ilipolia kifuani mwangu. Mlio wenyewe ulikuwa kwaya, sauti nne, ya kwanza na ya pili zinaanza pamoja. Mchukuzi aliposikia mfuko wa raba unaimba aliachia mikono, na sina neno la kumlaumu. Mkokoteni ukashuka peke yake, ukagonga ukingo, ukapinduka, zipu ikapasuka, na mimi nikamwagika pamoja na raba nisizoweza kuzihesabu hadi chini kabisa, mbele ya viatu viwili vyeusi vilivyong'aa. Simu ikajibonyeza yenyewe ikajipokea, na sauti ya Mama Upendo, ambaye sasa hakuwa ananong'ona, ikajaa uwanja mzima.

"Baba Tumaini, toka huko ulikojichimbia. Kijana wa watu anakurudishia pasipoti yako, uliisahau kwenye mashine."

Polisi alikuwa kijana, pengine wa umri wa Tumaini. Akaniangalia. Akafungua pasipoti akaangalia picha. Akaniangalia tena, akainama akanitoa raba moja iliyokuwa imeingia ndani ya shati, shingoni, ili afananishe vizuri. Kisha akanishika mkono akaninyanyua.

Mama wa kopi alikuwa ameikuta, pamoja na ukurasa mmoja wa boti niliouacha kwenye trei, akampa yule kijana aliyekuwa zamu mlangoni. Na kijana, badala ya kuipeleka kituoni ambako ningeifuata kwa maswali ya wiki nzima, alitumia saa mbili za zamu yake kupanda na kushuka ngazi akinitafuta. Akafungua ukurasa wa viza, akaweka kidole kwenye tarehe, akatikisa kichwa, akainua kiganja kikapaa kama ndege. Nikaitikia. Halafu akakunjua ule ukurasa wa boti, akaonyesha topido, akaonyesha mfuko uliopasuka, akanionyesha mimi. Hapo ndipo alipocheka. Na wenzetu waliokuwa wamejibana ukutani, watu ambao kwa wiki kadhaa walikuwa wakiiona sare ile wanabadili njia, nao wakacheka, mpaka mzee wa mkokoteni akakaa chini. Sisemi msako ulikwisha siku ile. Kesho yake waliendelea kushika watu. Nasema tu nilichofanyiwa.

Mama Upendo alifika akihema, akaokota raba na mimi, akitafuta pea moja moja. Tukafunga mfuko kwa kamba, mimi nikimweleza ile karatasi ni ya nini.

"Topido," akasema, "ukifika kwangu Mbeya nitakuitia watoto wakuone."

Jina hilo ninalo hadi leo kwa wenzetu wa safari za China.

Asubuhi iliyofuata nilimpelekea mama wa kopi kahawa ya Kigoma niliyokuwa nimebeba kwa zawadi. Akasema buyao, buyao, hataki, akaisukuma, nikairudisha, akaisukuma, mwisho akaipokea kwa mikono miwili. Kisha akaninyanyulia mfuniko wa mashine, akagonga kioo kwa kidole, akanisema kwa muda mrefu, na nilielewa kila neno.

Kwenye ndege nilisoma tena kopi zangu. Sura ile ilitaja makamanda wa boti nne na kila walichokifanya ziwani. Waliozipandisha kwenye malori, waliozisafirisha usiku na mchana kuvuka milima, waliozishusha, hakuna hata mmoja aliyetajwa, na bila wao boti zingebaki baharini zilikotoka. Nilikuwa nimeisoma mara tatu na sikuwa nimeliona pengo hilo. Nikafungua daftari, nikazifuta kanuni mbili, nikaandika: mama wa kopi, polisi kijana, mzee wa mkokoteni, Laoban, Mama Upendo. Nilichokijua ni jina la mmoja tu, na hata hilo ni la mwanawe.

Tangu hapo sijifichi kabla sijauliza natafutiwa nini. Na popote penye mashine ya kopi, hata nikiwa nimesindikiza mtu, nanyanyua mfuniko kabla ya kuondoka. Tumaini huniambia, "Baba, hamna kitu hapo." Najua hamna. Nanyanyua mara ya pili.