Aliyekuwa Juu kwa Bi Rehani

Harufu ya mvuje haijanitoka puani tangu utotoni. Juzi jirani kachoma, anamfukizia mtoto mashetani yasimkaribie, nami mtu mzima na meno yangu yaliyobaki nikasahau chungu jikoni mpaka kikaungua. Basi sikilizeni sababu yake.

Miaka ya hamsini tulikaa Malindi, mjini Unguja. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Bi Rehani, mjane mwenye nyumba ya ghorofa, ngazi yake nyembamba, giza hata mchana. Alasiri wanawake walikusanyika ukumbini kwake kusuka ukili, na mama akinichukua. Bi Rehani alitia mvuje kwenye chetezo, kisha akaanza.

"Time keshakwenda kwa mjomba wake Mkokotoni." Time alikuwa binti wa marehemu mumewe, mwari wa kuolewa. "Hilo lililoko juu si Time. Ni jini, limechukua sauti yake. Linaniita mama, linagonga mlango, na mie peke yangu humu! Msinione nnatetemeka mkadhani nna wazimu. Akili zangu timamu, wallahi."

Na kweli, juu kukagongwa. Ukili ukatuponyoka mikononi. Bi Rehani akalia, wanawake wakampa pole. Bi Mosi peke yake, ambaye mdomo wake haukuwa na breki, akasema, "Jini gani halikimbii mvuje? Mie mtu nshataka kukimbia." Wakamkemea.

Asubuhi moja mama alinituma kurudisha ungo. Nikapiga hodi, Bi Rehani yuko uani anateka maji. Sauti ikashuka ngazini, nyembamba kama ya mgonjwa.

"Nani hapo? Mwambie mama wali hauna chumvi. Naomba chumvi kidogo tu."

Nilikimbia, ungo nao nikarudi nao. Mama alikuwa akimenya muhogo.

"Mama, linataka chumvi!"

Kisu kikasimama. Unguja nzima, hata mtoto wa chuo cha Kurani, ilijua jini halili chumvi. Chakula chake hupikwa chapwa. Mama akajifunga kanga, akampitia Bi Mosi, wakaenda, nami nyuma yao.

"Rehani, lete ufunguo."

"Mtalitoa!"

"Lete, shoga yangu."

Ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye pindo la kanga yake; Bi Mosi akauchukua, akapanda kufungua mlango. Time akashuka akipapasa ukuta, macho hayawezi mwanga, mifupa imemtoka. Bi Rehani akajificha nyuma ya mama, kamshika kiuno, anapiga kelele: "Limeshuka! Limeshuka!"

Siku ile ile mjomba mtu alipelekewa habari, akaja kumchukua. Nilimwona Bi Rehani mwongo hodari kuliko wote niliowahi kuwasikia.

Siku hizi mjukuu wangu akisoma hadithi zake za kutisha huniuliza atamjuaje msimulizi wa kuaminiwa. Shule sikuipata sana. Namwambia asisikilize viapo vya msimulizi, amtafute yule asiyepewa nafasi ya kusema.

Lakini jambo jingine nililifahamu baada ya kufiwa na mume wangu mwenyewe, nyumba iliponyamaza. Time alikuwa kweli ameshafunga mzigo wa kwenda Mkokotoni. Bi Rehani hakuweza kubaki peke yake, wala hakuweza kuwa mtu anayemfungia mtoto wa mumewe. Angekuwa anatudanganya sisi tu, wali angeupika kama wetu. Aliupika wa jini, akaupandisha mwenyewe ngazi zile, kila siku, huku anaogopa.