Nafasi ya Baraka kwenye injini za roketi

Leo nimemdanganya mtu kwa simu.

Nilikuwa kwenye basi la wafanyakazi wa hoteli, tunatoka Al Wakrah, huku ughaibuni ninakofanya kazi. Namba nisiyoijua, ya kutoka nchini kwetu, ikaita.

“Namtafuta Baraka. Amepata nafasi ya mafunzo kazini kwenye karakana yetu ya injini za roketi.”

Baraka ni mdogo wangu. Tumemzika juzijuzi tu. Kwenye fomu ya kuomba nafasi hiyo aliandika namba yangu kwa sababu simu yake ilikuwa mbovu.

Nikajibu, “Atakupigia kesho, kaka.”

Sijui kwa nini. Mdomo uligoma tu kusema.

Zuhura, mwenzangu wa usafi anayejua msiba wangu, alikuwa amekaa pembeni yangu, akasikia yote. “Shoga, kuna mtoto wa mtu anaisubiri hiyo nafasi. Mpigie.”

Nikapiga, nikasema ukweli. Yule kaka akanipa pole, akauliza kama Baraka alipenda injini tangu utotoni.

Nikamwambia alikuwa akiinama kando ya jiko la gesi kusikiliza moto unavyonguruma.

Sikumwambia kwamba nilikuwa namfukuza Baraka. “Toka hapo, nani atakuajiri usikilize moto?”

Kama mdogo wako anapenda jambo usilolielewa, muulize leo. Mimi sikuwahi kumuuliza alikuwa anasikia nini.