Kikanda cha Safari

Juzi sokoni Kolwezi mama mmoja alinikatia kipande cha kikanda, chakula chetu cha viazi vya mwituni, akasema viazi vyake vimekuja na lori kutoka Zambia. Nikacheka: hata kikanda kimenishinda kusafiri. Mimi, rafiki yangu, mbali kwangu ni Fungurume, na huko nilirudi siku ileile.

Zamani kilitoka bondeni, nyuma ya nyumba zetu. Nkambo wangu, mama wa mama, alichimba vile viazi vidogo vya maua ya mwituni, akavianika, akavitwanga, akavipika na karanga, pilipili na maji ya majivu mpaka vikashikana kama mkate. Kazi yangu ilikuwa kulamba mwiko; sikukosa kazini hata siku moja.

Jirani yetu, mtu wa asili ya Kasai, alikuwa agronomu, bwana shamba, kwenye shamba la kampuni ya migodi. Aliwaomba wanawake wachimbe baada ya ua kuangusha mbegu, na viazi vichanga wavirudishe shimoni. Aliiomba komini, ofisi ya mtaa wetu, itoe amri, akaambiwa asubiri. Basi akazungushia uzio wa miti pembe moja ya bonde isiguswe, ibaki ya mbegu. Nkambo akamtania: tangu lini Mukasai anatufundisha kuchimba chakula ya kwetu?

"Balinizala hapa, mama," akajibu. "Sawa na ile maua."

Kisha mishahara ikakatika, watu wenye njaa wakalichimba bonde lote isipokuwa pembe ile. Kisha wakubwa wa jimbo letu wakasema kila mutu arudi kwabo, Wakasai warudi Kasai. Jirani, mkewe na watoto wakafukuzwa nyumbani, wakawa wanalala stesheni wakingoja treni, mvua juu yao. Kwetu unga ulikuwa umekwisha. Asubuhi moja Nkambo akachukua jembe, akanipa kikapu, akaingia ndani ya ule uzio wa miti.

Tuliwapelekea kikanda kizima kule stesheni. Jirani akawagawia watoto, akatafuna kidogo, akaacha.

"Mama, hii ni ya kule?"

"Ya kule, tata. Batoto beko na njala."

Akatafuna tena, polepole. "Tule tudogo, ulirudisha mu shimo?"

"Nilirudisha," akasema Nkambo.

Kikapu nilikibeba mimi. Uzito wake niliujua: hata vidogo vilikuwamo.

Treni ikawachukua. Kila mvua zilipoanza, Nkambo alishuka bondeni mpaka kwenye ile pembe, akituambia anatafuta mboga. Mboga hakuleta, nasi hatukumuuliza.

Siku hizi bonde limefunikwa na udongo wa mgodi. Watoto wangu wakiniuliza ua la kikanda lilikuwa rangi gani, nawaambia. Hawana pa kwenda kuhakikisha.