Kadi Alizozifuta Tata Mbuyi

Mwanangu, nakumbuka vizuri ile siku niliyojiona hodari kuliko ofisi nzima, nikiwa kijana katika ofisi ya maji hapa Kolwezi. Nakusimulia kwa sababu juzi ulilalamika kwamba mradi wenu wa hifadhidata, mnaouacha wazi ili yeyote ausome na kuurekebisha, hauvutii watu wapya. Wanachungulia na kwenda zao. Kompyuta sizijui, lakini watu wapya nawajua.

Hifadhidata yetu sisi ilikuwa sanduku la kadi. Kila koki ya maji iliyofukiwa chini ya mitaa ya mji ilikuwa na kadi yake, imeandikwa kwa penseli: iko wapi, inafunga bomba lipi. Mtunzaji alikuwa Tata Mbuyi, yaani Baba Mbuyi, mtu wa Kasai, jimbo jirani, fundi wa mabomba tangu sijazaliwa. Fundi au mkazi yeyote aliruhusiwa kuandika, mradi aende kwanza akaione koki kwa macho yake, kisha atie jina lake nyuma ya kadi.

Nikaona kadi kadhaa za koki rahisi kabisa, za sokoni na za kanisani, ziko tupu. Nikasema moyoni, mzee kazembea. Nikazunguka siku mbili, nikazijaza zote, nikampelekea kichwa kimenivimba.

"Nani alikutuma kumaliza byote?" akauliza kwa Kiswahili cha mitaani kwetu.

"Hakuna, tata. Nilikuwa nataka kusaidia."

"Ile nilibakisha kwa bale benye batakuya. Sasa mutu wa mupya ataanzia wapi?"

Alikuwa ameziacha makusudi kwa ajili ya watakaokuja, lakini mimi nilidhani ananionea wivu, nikanuna wiki nzima.

Kisha nchi ikaharibika. Kazi za migodi zikaanguka, na watu wa Kasai, walioitwa wageni, wakaanza kufukuzwa, hata waliozaliwa hapa. Baadhi ya waliopiga kelele mitaani walikuwa jirani zangu, watu wa lugha yangu, nami nilifunga mlango nikanyamaza. Hilo linaniuma hadi leo. Tata Mbuyi naye akafukuzwa, ofisini nikabaki peke yangu na sanduku. Nikaita watu waje kujifunza, wakaja sita. Niliwapa kadi zilizobaki, zile ngumu, na walipokosea niliwafokea. Siku ya nne hakurudi hata mmoja, na tayari mitaa miwili ilikuwa haina maji kwa kukosa watu wa kuhudumia koki.

Nikabeba sanduku hadi stesheni. Tata Mbuyi alikuwa pale na mkewe, kati ya familia zilizokaa chini siku nyingi zikingoja treni. Nilimweleza yote, naona haya. Hakunilaumu. Aliomba raba, akachagua kadi za koki nyepesi zenye jina lake mwenyewe, akaanza kuzifuta.

"Tata, unafuta kazi yako!"

"Koki haitakimbia, bataikuta. Batu njo banakimbia. Kila mutu umupatie moya ya nyepesi. Mara ya kwanza wende naye. Akikosea, murudie pamoja. Kisha aandike jina yake."

Mkewe akamtazama. "Bale benye banatufukuza njo batakunywa ile maji."

"Batoto yabo nabo banasikia kiu, mama," akasema, akaendelea kufuta.

Mwanangu, hebu ona. Mtu aliyenyang'anywa mji alikuwa akifuta jina lake ili waliomnyang'anya wapate pa kuanzia. Tangu siku ile sijaona moyo mkubwa kama ule, wala sidhani nitauona.

Nilifanya alivyosema. Wa kwanza alikuwa mama muuza samaki, ambaye alipoandika jina lake alilisoma mara tatu kwa sauti. Kesho yake akaja na dada yake. Mwezi haukuisha, tukawa wa kutosha kuhudumia koki, na maji yakarudi mitaa yote miwili. Tata Mbuyi hakupata kujua. Habari zake sijazisikia tena.

Kwa hiyo usimalize kila kitu kwa sababu tu unaweza. Bakiza kazi nyepesi, hata kama mikono inakuwasha. Anayekuja umjibu siku hiyohiyo, ukae naye kwenye kosa lake la kwanza bila kufoka, na jina lake liandikwe mahali watu wote wanaona. Na mgeni yeyote asiulizwe katoka wapi.

Mungu akujalie wanafunzi watakaokupita, akupe na moyo wa kufurahi watakapokupita. Amina.