Mama Pumba na Ng'ombe wa Mdogo Wake

Kiwandani walimwita Mama Pumba, na hakuwahi kununa. Miaka ishirini na miwili ya kuchanganya chakula cha mifugo ilimjaza pumba kwenye nyusi, masikioni, hata ndani ya pochi. Wenzake walimtania kwamba akipiga chafya, kuku wa mtaa mzima wanakuja mbio. "Waje tu," alikuwa akijibu, "ila majogoo wabaki huko. Wanaume wenye kelele nimeshawachoka."

Mashine ilikuwa moja, pipa kubwa la chuma lenye mapanga ya kukorogea ndani. Asubuhi ilichanganya chakula cha kuku, kilichotiwa unga wa nyama na mifupa kutoka machinjioni; mchana, cha ng'ombe. Zamani hata ng'ombe walilishwa unga ule, mpaka idara ya mifugo ilipoupiga marufuku. Daktari wa mifugo, mwanamke kijana asiyependa kuzungusha maneno, alikuja mwenyewe kuwaeleza.

"Kichaa cha ng'ombe hakitokani na kidudu," alisema. "Ni protini iliyopinda. Ikiingia mwilini inazipinda na nyingine, mpaka ubongo unatoboka kama sifongo. Mtu akila nyama yenye protini hiyo naye anaweza kuugua, na moto wa jikoni hauiharibu. Dawa hakuna. Tunachoweza ni kuhakikisha ng'ombe hali mabaki ya ng'ombe mwenzake. Kwa hiyo mkimaliza chakula cha kuku, mashine isafishwe mpaka chini."

Mpaka chini maana yake saa moja na nusu: kufungua boliti kumi na mbili, kuingia kwa magoti, kukwangua kila kona kwa brashi ya waya. Mama Pumba alifanya hivyo kwa miezi. Kisha siku moja malori yakapanga foleni getini, na msimamizi akamwambia, "Mama, leo fagia mdomoni mwa mashine tu, tuwatoe hawa watu." Akafagia mdomoni. Wiki iliyofuata alifanya hivyo tena bila kusubiri kuambiwa.

Miaka mitano ikapita. Mdogo wake wa kiume, aliyefuga ng'ombe wa maziwa nje ya mji, akampigia simu.

"Dada, yule mweusi wangu simwelewi. Anaogopa mlango wa zizi alilokulia. Ukimgusa anaruka. Leo miguu ya nyuma imemkataa, ameanguka mara mbili."

Mama Pumba akajikuta amekaa juu ya gunia. Ng'ombe wale walikula chakula cha kiwandani kwake tangu wakiwa ndama. Yeye ndiye aliyekipigia debe.

"Mwite daktari leo," alisema. "Na asichinjwe. Unanisikia? Asichinjwe."

Ng'ombe alidungwa sindano ya kumuua, kichwa kikapelekwa maabara. Siku ya nane daktari alirudi na majibu, akaketi sebuleni kwa mdogo wake, Mama Pumba naye akiwepo, na fomu magotini. Ugonjwa ulikuwa ndio wenyewe. Akauliza ng'ombe walilishwa nini.

"Nanunua kiwandani kwa dada," mdogo wake akasema. "Pale sina wasiwasi."

Msimamizi wa zamani alishastaafu. Hakuna aliyekuwa amemwuliza Mama Pumba lolote. Angeweza kunyamaza na fomu ikajazwa.

"Hakikuwa salama," alisema. "Mashine tulikuwa hatuisafishi. Nilikuwa siisafishi. Karibu mwaka mzima, mpaka mkaguzi alipoanza kuja."

Daktari aliacha kuandika. "Chakula hicho kilikwenda kwa nani?"

"Wengi nawakumbuka. Nitakupeleka kwao."

Mdogo wake alitoka nje, akachota maji, akaanza kuwanywesha ng'ombe waliokuwa wameshanyweshwa.

Ng'ombe walioamriwa kuuawa walikuwa tisa, wote waliokula chakula kile utotoni. Mdogo wake aliwatoa mwenyewe mmoja mmoja, mkono wake ukiwa kwenye paji la uso la kila mmoja mpaka sindano ilipofanya kazi. Kisha lori likawabeba kwenda kuchomwa kwenye tanuri. Mama Pumba alisimama getini. Hakuthubutu kusogea.

Wiki mbili alizunguka na daktari kwenye mazizi kumi na moja, akirudia maneno yale yale mbele ya watu waliomwamini. Mmoja alimtukana mpaka sauti ikamkauka. Mwingine alimfungia mlango usoni. Kwenye zizi la sita walimkuta ng'ombe anayetetemeka, ambaye mwenye zizi alikuwa ameshakubaliana na mchinjaji kumuuzia. Ng'ombe huyo hakufika buchani.

Kiwanda kilifungwa miezi miwili, kikafunguliwa na mashine ya pili, ya ng'ombe peke yao, ndani ya chumba chake. Mama Pumba alipewa barua ya onyo na kuhamishiwa stoo. Barua aliisaini bila kubishana.

Mdogo wake alikaa miezi saba bila kupokea simu yake. Jumapili moja akabisha hodi, akaketi, akaitazama chai bila kuigusa.

"Hasira haijaisha, Dada."

"Najua."

"Ila nimechoka kuishi kama sina dada."

Mama Pumba alijikaza asilie, akashindwa. Mdogo wake akamwacha alie. Baadaye wakazungumza habari za mama yao, ambaye goti lilikuwa limemvimba tena, na nani kati yao angempeleka hospitali Jumanne.